Vanuatu: nchi yenye watu wachache kuliko Ukerewe iliyofika The Hague na ikasikilizwa

#1. Mleta uzi, Ilemela, Mwanza

Wakuu, habari za huko mliko.

Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilisoma maoni yake kuhusu wajibu wa mataifa katika mabadiliko ya tabianchi. Majaji wote 15 walikuwa upande mmoja, jambo ambalo katika mahakama ile halitokei mara nyingi. Walisema mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na kwamba wajibu huo hauishii kwenye Mkataba wa Paris, upo pia katika sheria za kimataifa za kimila zinazozifunga nchi zote. Anayeukiuka anaweza kutakiwa kuacha, na hata kulipa fidia. Wakagusa na mafuta, gesi na makaa ya mawe: serikali inayotoa vibali vya utafutaji au ruzuku kwa nishati hizo inaweza kuhesabiwa imetenda kosa mbele ya sheria ya kimataifa.

Nchi iliyolibeba suala hilo mpaka likafika pale ni Vanuatu.

Vanuatu ni visiwa zaidi ya 80 katika Pasifiki ya Kusini, mashariki ya Australia. Sensa yao ya 2020 ilihesabu watu kama laki tatu. Wilaya yetu ya Ukerewe, kwenye sensa ya 2012, tayari ilikuwa na watu zaidi ya 345,000. Yaani ukivuka na kivuko mpaka Nansio unashukia kwenye wilaya yenye watu wengi kuliko nchi iliyowakalisha wakubwa wa dunia mbele ya majaji.

Nafundisha Historia na Uraia sekondari, na kila tukifika mada ya Umoja wa Mataifa wanafunzi wanarudi kwenye swali moja: kama wenye kura ya turufu, yaani ya kuzuia uamuzi wowote wa Baraza la Usalama, ni watano, sisi wengine tunakwenda New York kufanya nini? Ni swali la haki kabisa, na naona Vanuatu inalijibu vizuri kuliko kitabu chochote cha kiada nilicho nacho. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kupinga apate pa kushika. Taifa dogo husikilizwa likishika jambo moja linaloliumiza lenyewe, likalishikilia miaka mingi bila kubadilisha kauli, na likakubali kulilipia. Picha ya unyonge inafungua mlango tu.

Picha zenyewe mnazikumbuka. Novemba 2021, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Simon Kofe, waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, alitoa hotuba akiwa amesimama baharini. Suti, tai, bendera mbili nyuma yake, meza ya kuhutubia imesimikwa majini, suruali imekunjwa na maji yamemfika magotini. Alieleza kwamba pale aliposimama palikuwa nchi kavu zamani. Miaka 12 kabla yake, Oktoba 2009, baraza la mawaziri la Maldives lilifanya kikao chini ya bahari wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni. Dunia nzima ilizitazama picha hizo. Watu walisikitika, wakasambaza, wakaendelea na mambo yao.

Sasa tazameni njia waliyopita Vanuatu.

Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, tawi la Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, walikuwa darasani wakitafuta ni chombo gani cha sheria kingeweza kuwasaidia watu wa visiwa vyao. Wakaona kuna mlango haujatumika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 96, unaliruhusu Baraza Kuu kuiomba Mahakama ya Kimataifa maoni ya kisheria juu ya swali lolote la sheria. Baraza Kuu halina turufu. Kila nchi kura moja, iwe China au kisiwa kidogo cha Nauru. Wakaandika barua kwa viongozi wa nchi za Pasifiki, na serikali ya Vanuatu ikalichukua wazo.

Naomba tukae hapa kidogo, maana wazo lenyewe halikuwa jipya. Palau, nchi nyingine ya Pasifiki, ilitangaza nia hiyohiyo mwaka 2011, ikakwama. Palau ina mkataba maalumu na Marekani: ulinzi wake uko mikononi mwa Marekani na sehemu kubwa ya fedha zake zinatoka huko. Ukiwa umeegemea ukuta wa mtu, ni vigumu kumpeleka mwenye ukuta mahakamani. Vanuatu haikuwa na mkataba wa namna hiyo na mtu yeyote, na haikutokea kwa bahati.

Mpaka 1980 nchi hiyo iliitwa New Hebrides na ilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja, tangu 1906. Kila kitu kilikuwa viwili: polisi wawili, shule za namna mbili, magereza mawili, sheria mbili. Mwenyeji mwenyewe hakuwa raia wa Uingereza wala wa Ufaransa. Alikuwa hana uraia katika ardhi ya babu zake. Uhuru ulikuja tarehe 30 Julai 1980, na waziri mkuu wa kwanza alikuwa Walter Lini, padri wa Kianglikana. Serikali yake ikajiunga na Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, ikapiga marufuku silaha za nyuklia katika eneo lake, ikaanzisha uhusiano na Cuba, na mwaka 1987 ikasaini mkataba wa uvuvi na Urusi ya Kisovieti huku Australia na Marekani zikiwa zimekasirika kwelikweli. Nchi ya watu laki moja na kitu wakati huo!

Na kuna kipande cha hadithi hii ambacho ni chetu. Miaka yote ya sabini New Hebrides ilikuwa kwenye orodha ya makoloni yaliyokuwa mbele ya Kamati Maalumu ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ukoloni. Mwenyekiti wa kamati hiyo kuanzia 1972 hadi 1980 alikuwa Mtanzania, Dk. Salim Ahmed Salim, kijana wa Pemba aliyekuwa balozi akiwa na umri wa miaka 22. Watu wa visiwa vile walipotafuta masikio New York, kiti cha mbele kilikuwa cha Tanzania. Vijana wetu hawalijui hili, na mimi linanisikitisha kila mwaka.

Uhuru ulipopatikana, Vanuatu haikuwa na wanadiplomasia wa kutosha, wala fedha za kuwaweka New York. Ikamteua Robert Van Lierop, mwanasheria Mmarekani mweusi, kuwa mwakilishi wake Umoja wa Mataifa. Mtu huyo ndiye aliyeingia Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya sabini na kupiga filamu ya mapambano ya FRELIMO, chama kilichokuwa na makao yake Dar es Salaam. Alitoka kwenye vita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika akaenda kusemea visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1990 nchi za visiwa vidogo zilipounda umoja wao wa kupigania tabianchi, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Na mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya umoja huo, ikaweka mezani pendekezo kwamba nchi tajiri zichangie mfuko wa kuwafidia wanaopoteza ardhi kwa bahari kupanda.

Mfuko wa namna hiyo, ule wa hasara na uharibifu, ulikubaliwa lini? Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022. Miaka 31. Mawaziri walibadilika, serikali za Port Vila zilianguka mara nyingi kwa kura za kutokuwa na imani, lakini hoja ilibaki ileile. Nadhani hapo ndipo sura ya taifa inapojengwa: mtu akiliona jina lako kwenye karatasi anajua tayari utasema nini, na anajua hununuliki kwa jambo hilo.

Nao waliumia kwelikweli. Kimbunga Pam cha Machi 2015 kiliharibu mali yenye thamani ya karibu asilimia 64 ya pato la taifa la mwaka. Machi 2023 vimbunga viwili, Judy na Kevin, vilipiga ndani ya wiki moja. Mwezi huohuo, tarehe 29, Baraza Kuu lilipitisha azimio la Vanuatu bila kura kupigwa, likidhaminiwa na nchi zaidi ya 130. Waliokaa pamoja kuliandika walikuwa kundi la nchi 18, na naomba Waganda mlio humu mjivunie: Uganda ilikuwemo. Msumbiji ilikuwemo. Ujerumani ilikuwemo, yenye viwanda vyote vile. Waliwachagua wenzao kwa akili, kila bara likawa na mtu wake, asitokee wa kusema hili ni la wavuvi wa Pasifiki peke yao.

Desemba 2024 nchi 96 na mashirika 11 ya kimataifa yalisimama mbele ya majaji wiki mbili. Vanuatu ilifungua. Wakubwa wakajitetea kwamba mikataba ya tabianchi inatosha na sheria nyingine zisiguswe. Hoja hiyo ilikataliwa. Siku chache baada ya vikao kufungwa, tarehe 17 Desemba, tetemeko la 7.3 likaupiga mji wa Port Vila. Majengo yakaanguka.

Sasa niwarudishe kwetu. Sisi tuliwahi kuwa na sauti ya namna hii. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuuzima utawala wa walowezi weupe wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ikijua kuna mkopo wa zaidi ya pauni milioni 7 utakaopotea. Ulipotea. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu mpaka hapa Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha, na mkutano mkuu wa TANU ukafanyika hapahapa mjini. Mwaka 1981 Dk. Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikamzuia duru baada ya duru. Watu walituheshimu kwa sababu bei waliiona.

Karibuni tujadili. Matusi sitajibu.

#2. Mchangiaji, Musoma

Mwalimu, shikamoo. Uzi mzuri, nimeusoma wote, lakini niruhusu nikupinge kidogo. Haya yanaitwa maoni ya ushauri. Hayamfungi mtu. Mahakama ile haina polisi. Januari 2025 Marekani ilitangaza tena kujitoa Mkataba wa Paris na hakuna aliyeizuia. Sasa Vanuatu wamepata nini hasa zaidi ya sifa? Dunia inaendeshwa na mwenye fedha na mwenye silaha, na mimi naona kuwafundisha watoto vinginevyo ni kuwapa matumaini ya bure.

#3. Mleta uzi

Marahaba ndugu yangu. Hoja yako ni nzito na siwezi kuipita juujuu.

Ni kweli hayafungi kama hukumu inavyofunga. Lakini tazama maoni mengine ya mahakama hiyohiyo yalivyofanya kazi. Juni 1971 ilisema Afrika Kusini inakaa Namibia kinyume cha sheria. Makaburu hawakuondoka kesho yake, waliendelea kukaa karibu miaka 19. Ila kuanzia siku ile kila aliyefanya nao biashara ya Namibia alijua anafanya jambo haramu, na SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, ambao wapiganaji wao walikuwa na kambi pale Kongwa, Dodoma, walikuwa na karatasi ya kuonyesha kila mkutano. Namibia ikawa huru Machi 1990.

La karibu zaidi ni visiwa vya Chagos, huku kwenye Bahari yetu ya Hindi. Mauritius, nchi ndogo, ilipata maoni Februari 2019 kwamba Uingereza iache kuvitawala haraka iwezekanavyo. Miezi mitatu baadaye Baraza Kuu likapiga kura, 116 kwa 6. Uingereza ilisema haijali, haya ni maoni tu. Mei 2025 ikatia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka. Miaka sita tu. Wakili anayeishitaki kampuni ya mafuta mahakama ya nchi yoyote leo anaanza na kurasa za The Hague, na jaji wa nchi hiyo hawezi kujifanya hajaziona.

Watoto siwaambii kwamba sheria inashinda silaha. Nawaambia mwenye silaha naye hutumia nguvu nyingi sana kuzuia karatasi isiandikwe. Kama ingekuwa haina maana, nchi kubwa zingetuma mawakili wote wale wiki mbili nzima kufanya nini?

#4. Mchangiaji, Bukoba

Wakuu, tusiwapambe sana hawa Vanuatu. Hii ni nchi inayouza uraia wake. Unalipa dola, unapewa pasipoti bila hata kukanyaga kule. Mpaka Umoja wa Ulaya ukaona hatari, Desemba 2024 ukawafutia kabisa nafasi ya kuingia bila viza. Na kodi ya mapato hakuna, matajiri wanaficha fedha. Hiyo sura safi ya mtetezi wa wanyonge inakaa wapi hapo?

#5. Mleta uzi

Umesema kweli, na sitaitetea biashara ile. Mapato ya pasipoti yamekuwa sehemu kubwa ya bajeti yao, na aliyeumia zaidi Ulaya ilipofunga mlango ni mwananchi wa kawaida wa Port Vila, mwanafunzi au mgonjwa anayesafiri, ambaye senti ya mauzo hayo hakuiona. Taifa dogo lina mali chache za kuuza nje, na jina lake ni mojawapo. Anayeliuza kwa rejareja anakula akiba ya wajukuu.

Lakini angalia pia namna walivyoipanga kesi yao. Hawakwenda The Hague kusema sisi ni watu wema, tuhurumieni. Waliuliza swali la sheria ambalo jibu lake ni lilelile hata muulizaji awe nani. Gambia ilifanya hivyohivyo. Novemba 2019 iliishitaki Myanmar kwa mauaji ya kimbari ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo. Gambia yenyewe ilikuwa imetoka juzi tu kwenye udikteta wa Jammeh, na watu wakauliza kwa nini wajifanye walinzi wa haki. Waziri wao wa sheria wakati huo, Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mahakama ya mauaji ya Rwanda pale Arusha. Mwaka 2018 alikwenda kambini Bangladesh, akawasikiliza waliokimbia, akayatambua yale aliyoyasikia Arusha. Januari 2020 majaji walikubaliana wote kuiamuru Myanmar iwalinde Warohingya. Usafi wa Gambia haukuhitajika, kesi ilihitaji mtu mwenye ujuzi na nchi iliyokubali kuibeba.

#6. Mchangiaji, Kisumu

Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, hamjambo. Mimi naona mnazungumza Pasifiki mno na Ziwa Victoria letu mnaliacha. Mwaka 2020 maji yalipanda hapa kwetu mpaka watu wa Budalang'i na fukwe za Homa Bay wakahama. Huko Mwanza je? Nani alitusemea?

#7. Mleta uzi

Hatujambo ndugu, asante kwa kulileta.

Mwaka ule Ziwa lilifika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Mvua za mwishoni mwa 2019 hadi Mei 2020 hazikupumzika. Kwenye mwalo mmoja (ufuko wa kushushia samaki) hapa Ilemela ninakopita mara kwa mara, maji yaliingia kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, yakafuata banda la kupimia samaki, yakasimama mlangoni kwa mama ntilie. Alihamisha mafiga kwanza, kisha meza, kisha akaondoa mabati mwenyewe kabla maji hayajayaondoa. Wavuvi walifunga mitumbwi kwenye miembe. Vyoo vya mwalo vilizama, na mnajua maana yake kwa kipindupindu.

Baadaye wale watu wakaambiwa wamejenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kinyume cha Sheria ya Mazingira ya 2004. Sheria ipo, sibishi. Ila wengi walikuwa nje ya mita 60 maji yalipokuwa chini. Ziwa ndilo lililowafuata. Na watafiti waliopima mvua zile wameona kwamba ongezeko la joto duniani liliongeza uwezekano wa maji kupanda kiasi kile. Kwa hiyo mama yule yuko kwenye kesi moja na mwanamke wa kisiwa cha Vanuatu, tofauti ni kwamba maelezo ya yule wa Vanuatu yalichukuliwa, yakaandikwa, yakasainiwa na kupelekwa kwa majaji pamoja na hoja za serikali. Ya huyu wetu hakuna aliyeyaandika.

Umeuliza nani alitusemea. Jibu linaniuma kulitoa. Nchi tatu zinalizunguka ziwa hili, lina shirika lake la uvuvi lenye makao pale Jinja, na sijawahi kusikia kauli moja ya pamoja ikisemwa duniani kwa jina la watu wa mialo. Watu wa bonde hili ni mamilioni mengi. Vanuatu ni laki tatu.

#8. Mchangiaji, Bukoba

Mwalimu, hapo umegusa. Lakini twende mpaka mwisho kwa ukweli. Bomba la mafuta linatoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na linapita huku kwetu Kagera. Uganda uliyowaambia wajivunie ndiyo hiyohiyo yenye mafuta. Maoni ya The Hague yanasema vibali na ruzuku. Sasa sisi ni mlalamikaji au mshitakiwa?

#9. Mleta uzi

Tunaweza kuwa vyote viwili, na sioni njia ya kulikwepa hilo. Mahakama ilisema wajibu unapimwa pia kwa uwezo wa nchi na mchango wake katika uchafuzi, na mchango wetu wa Afrika Mashariki ni mdogo sana ukilinganisha na walioanza kuchoma makaa miaka 200 iliyopita. Hoja hiyo tunayo na ni halali. Lakini haifuti kabisa swali. Serikali zetu zinapaswa kuliweka mezani: tathmini za mazingira zisomwe na wanaopitiwa na bomba, fidia ya ardhi ilipwe kwa wakati na kwa bei ya kweli, na hesabu ya mafuta yale ikifika sokoni izungumzwe hadharani. Nchi inayotaka kusikilizwa juu ya ziwa lake haiwezi kunyamaza juu ya bomba lake. Vanuatu wenyewe hawana mafuta, jaribio lao lilikuwa rahisi upande huo. Letu ni gumu zaidi, na nadhani ndiyo maana tunalinyamazia.

#10. Mchangiaji, Mwanza mjini

Shikamoo Mwalimu, shikamooni wakubwa. Mimi nasoma sheria hapa Mwanza. Nilikuwa msomaji tu lakini hili la kuandikwa kwa maelezo limenitoa.

Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika ulipeleka ombi la maoni kama haya kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ile iko Arusha, Mwalimu, siyo The Hague. Wanaiuliza mahakama nchi za Afrika zina wajibu gani kwa watu wao kuhusu tabianchi. Yaani swali la wale wanafunzi wa Port Vila limefika mlangoni kwetu, na kwetu ziwani sijaona hata kikundi kimoja kinacholizungumza. Darasani tulilitaja kwa dakika chache tukapita.

Tuko wachache tunaoweza kuandika maelezo ya watu kwa utaratibu: jina, mahali, maji yalifika wapi na lini, alipoteza nini, alisaidiwa au hakusaidiwa. Tunachokosa ni mtu wa kututambulisha mialoni. Tukienda wenyewe na karatasi watadhani ni watu wa kubomoa.

#11. Mchangiaji, Musoma

Marahaba binti. Bado siamini sana mahakama, lakini maandishi naamini. Mimi ni wa Majita, nawajua wazee wanaokumbuka maji ya miaka ya sitini, yalipofika na miti waliyoiwekea alama. Kama mtafika Musoma nitawapeleka. Wazee hao hawatakaa milele, msichelewe.

#12. Mleta uzi

Marahaba dada. Umeniongezea jambo ambalo kwenye uzi wangu halikuwemo, na ni kubwa.

Kuhusu kuingia mialoni, njia ni kupitia uongozi wa BMU, wale wa kusimamia rasilimali za uvuvi. Kila mwalo wanao, wana mwenyekiti na katibu, na baadhi wana madaftari ya mitumbwi na ya mizigo ya miaka ya nyuma ambayo yanaonyesha kabisa lini shughuli zilisimama kwa maji. Madaftari hayo yapigwe picha kabla ya kitu kingine chochote, maana mengine yanakaa kwenye mabanda yanayovuja. Mwenyekiti wa mwalo nilioutaja nafahamiana naye, mtoto wake nilimfundisha. Nitazungumza naye wiki hii kisha nikuandikie kwa ujumbe wa ndani.

Na mueleze kila mtu kwa Kiswahili cha kawaida karatasi inakwenda wapi na kwamba haileti fedha kesho. Asiyetaka jina lake liandikwe asilazimishwe. Ndugu wa Kisumu, kama upande wenu kuna wanaofanya kazi kama hii waleteni hapa, fomu iwe moja kwa nchi zote tatu.